Uzoefu wangu wa vibarua vya kuchuma: kahawa Mbozi, parachichi Rungwe na Njombe, chai Mufindi

Kama umemaliza kidato cha sita au uko likizo ndefu ya chuo na unatafuta kibarua cha msimu, kura yangu naipa kahawa ya Mbozi. Parachichi inafuata, chai naiweka mwisho. Wengi huanza kwa kuuliza "wanalipa shilingi ngapi?" Mimi naona swali lenye hela ni "kwa kipimo gani?" Shamba linaweza kutangaza bei nzuri kwa debe, ukifika unakuta debe lenyewe linarundikwa mpaka linamwagika, na ile bei nzuri imeishia hapo.

Kahawa ya Mbozi huanza kuiva Mei hivi, hupamba moto Juni hadi Agosti, kisha hupungua kuelekea Septemba na Oktoba. Usiende mapema sana. Mwanzoni matunda mekundu yametawanyika, unauzunguka mti mzima kwa konzi moja, na kwa kuwa unalipwa kwa debe, siku inaisha huna kitu. Wiki za katikati ndizo za kuvizia.

Shuka Mlowo au Vwawa, lakini usikae stendi kungoja wa kukuchukua. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya hapo. Wao wanajua nani kahawa imemzidi wiki hiyo. Beba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako na namba ya NIDA, maana hakuna mwenyekiti anayependa kulaza mgeni asiyejulikana kijijini kwake. Kwa mkulima mdogo mara nyingi mnapatana pamoja na malazi na chakula. Muulize kabisa kama ugali na maharage hayo yanakatwa kwenye malipo.

Kuchuma kwenyewe si nguvu, ni mikono kuzoea. Ndoo ifunge kiunoni kwa kamba ili mikono yote miwili iwe huru. Tawi la juu livute kwa kijiti chenye ndoano, funga kamba mwishoni mwa kijiti utengeneze kitanzi, ukikanyage kwa mguu: tawi linabaki limeinama unachuma bila kulishikilia. Tunda lililoiva jekundu pande zote lizungushe kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, litatoka lenyewe. Ukikamua tawi zima kwa kiganja unashusha na mabichi, pengine unachana tawi, na mwenye shamba ana haki ya kukufukuza. Tena hupati faida yoyote, kwa sababu alasiri matunda yote humwagwa kwenye turubai na kuchambuliwa: mabichi, yaliyokauka mtini, na yale meusi yenye ugonjwa wa chule buni yanatolewa kabla ya kupima. Muda wa kuchambua haulipwi, hivyo anayechuma safi ndiye anayewahi kumaliza.

Sasa kipimo. Debe ni ndoo ya lita 20, lakini angalia mambo matatu: linafutwa usawa wa mdomo au linawekewa kilima juu? Linatikiswa? Ndoo ni ile ile kila siku? Debe likitikiswa matunda hushuka, na lile pengo unalijaza wewe bure. Ni lumbesa ile ile ya viazi, gunia linalojazwa kupita kipimo, ndogo tu. Mapatano ya haya yafanyike asubuhi mbele ya wenzako, kwa sababu jioni kila mtu ana haraka: kahawa inatakiwa imenywe ganda siku hiyo hiyo, ikilala nalo inaanza kuchacha na ubora unashuka. Simama karibu na mpimaji, andika madebe yako kwenye kidaftari chako na umwombe msimamizi asaini kila jioni. Shamba lenye mizani na linalolipa kwa kilo lipe kipaumbele.

Parachichi ina utaratibu tofauti. Wanunuzi wa Hass, aina ya parachichi, wana timu za wachumaji zinazohama kutoka shamba hadi shamba, na wanaoajiri wako kwenye vituo vya kukusanyia. Mgeni akubali malipo ya siku kwanza. Ya kreti yanafaa ukishapata kasi. Tunda linakatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi. Likivutwa, kikonyo kinang'oka na pale penye tundu ndipo uozo unapoingilia. Halidondoshwi, linashushwa kwa mfuko, na kreti zinakaa kivulini. Kucha fupi, pete zivuliwe, mikono inawiwe kabla ya kuanza. Wanaouza nje hawana mchezo na hilo.

Kero yake kubwa ni mvua. Tunda lililolowa halichumwi, na Tukuyu, huko Rungwe, mvua haiombi ruhusa. Uliza siku ya mvua inalipwaje. Uliza pia kreti inahesabiwa chini ya mti au baada ya kuchambua kituoni, kwa kuwa yenye mikwaruzo na yaliyobabuka jua yanatupwa nje, na hasara hiyo isiwe yako. Nauli na malazi timu ikihama ni swali la tatu.

Chai kwa mtu wa miezi miwili haina maana sana. Unachuma majani mawili na chipukizi tu, unalipwa kwa kilo: mkono mpya unaachwa mbali na wenyeji, na mzani unakata uzito wa maji na kikapu. Ukienda hata hivyo, hakikisha kiwanda kinafanya kazi na wenyeji walilipwa mwezi uliopita.

Popote uendako beba mabuti, koti la mvua na sweta nzito. Njombe na Mufindi, Juni na Julai, sakitu huanguka.

Mwenye rafiki wa nje anayetaka kuja kuchuma akilipwa amwambie mapema: Tanzania haina viza ya likizo na kazi kama ya Australia, atahitaji kibali cha kazi. Na Mtanzania hayumo kwenye orodha ya nchi zinazopewa ile ya Australia, kwa hiyo dalali anayekuuzia fomu zake mkatalie.

Malipo dai kila wiki. Maneno ya "tutalipana kahawa ikiuzwa" yakatae, maana kahawa hupitia AMCOS hadi mnadani na hela hurudi baada ya muda, wewe ukiwa umesharudi chuo. Ukidhulumiwa ujira, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya aina hiyo ndani ya siku 60, na kile kidaftari chenye saini ndicho utakachoenda nacho.