Hapa Busia kuna duka la dawa wanakosoma jina hadi mwisho

Mimi ni wakala wa forodha Busia, upande wa Uganda, huu mwaka wa 19. Kazi yangu ni majina. Jina la bidhaa likikosewa kwenye fomu, lori linalala mpakani na mwenye mzigo hakuachi ulale. Kwa hiyo yaliyonipata na dawa yangu ya kolestero yaliniuma kweli, na duka lililonisaidia nataka watu walijue.

Pakiti ya kwanza aliniletea mwanangu kutoka Kampala, imeandikwa Lipitor kwa herufi kubwa. Ilipoisha nikazunguka na boksi tupu mfukoni. Duka la kwanza, "Lipitor hatuna." La pili hivyo hivyo, la tatu pia. La nne silitaji. Kijana wa pale alipokea karatasi ya daktari, na mvua ilikuwa imeshailowesha: mwanzo wa jina umefutika, mwisho panasomeka "statin" tu. Hakuuliza naumwa nini. Akaingia ndani, akarudi na kichupa, nikalipa. Nyumbani mama watoto akakifungua, akaona maji mazito ya manjano na kile kidude cha kudondoshea. "Baba Musa, hii si ile tuliyompa mjukuu alipotoka utando mweupe mdomoni?" Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nistatini, dawa ya kuvu. Ningeinywa mwezi mzima na mafuta kwenye damu yangu yangebaki palepale.

Kesho yake nikaelekezwa duka dogo lenye mlango wa kijani, barabara ya nyuma ya stendi. Anayehudumia ni dada wa makamo, msema taratibu. Hakuniambia hatuna. Aligeuza boksi langu, akaweka ncha ya kalamu chini ya lile jina kubwa, penye maandishi madogo. "Mzee, la juu ni jina la biashara. Jina la dawa ni hili." Atorvastatini. Akavuta droo, akatoa pakiti ya rangi nyingine yenye jina kubwa nisilowahi kuliona, na chini yake neno lile lile, herufi kwa herufi, miligramu 20. Hataza ya Lipitor, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, huko Marekani iliisha mwaka 2011, na leo viwanda vingi vinatengeneza dawa hiyo, kila kimoja kwa jina lake. Kwa hiyo kwenye yale maduka matatu huenda dawa ilikuwepo rafuni muda wote niliokuwa nimesimama pale.

Nikamwonyesha na kile kichupa. Akasikitika, kisha akanieleza nisiishie kwenye "statin", nitafute "vastatin". Atorvastatini, simvastatini, rosuvastatini: hizo ni ukoo mmoja, zinazuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, ambacho ini hukitumia kutengeneza kolestero. Shirika la Afya Duniani ndilo linalosimamia majina haya ya kimataifa, na mkia wa jina umewekwa makusudi ili ukoo wa dawa ujulikane. Nistatini haimo. Iligunduliwa kabla ya hizi zote na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, watafiti wa idara ya afya ya jimbo la New York (New York State), na jina lake, kwa Kiingereza nystatin, wakalitoa humo: "Ny" ya New York, "stat" ya State. Nilirudi kazini siku ile nikiwa bado nalifikiria hilo. Mikia inafanana, wazazi mbalimbali.

Kabla ya kuniuzia aliuliza maswali. Nameza dawa gani nyingine? Presha ninayo? Natumia balungi? (Juisi yake ikizidi hupandisha dawa hii mwilini.) Akanionya kwamba misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, nirudi kwa daktari haraka. Simvastatini humezwa jioni. Hii yangu saa yoyote, mradi iwe saa ile ile kila siku. Na mtu asinibadilishie moja kwa nyingine eti zote ni 20, kwa sababu nguvu hazilingani. Mama mjamzito asiguse bila daktari wake kujua.

Jambo dogo lililonivutia kuliko yote: siku hiyo nilikuwa na hela ya vidonge kumi tu. Alipokata ule ubao wa vidonge, alikata upande usio na tarehe ya kuisha muda, nami akanipa upande wenye tarehe. Juu ya bahasha akaandika atorvastatini kwa ukamilifu, miligramu, na saa ya kumeza. Kwingine nimezoea bahasha yenye "1x1" peke yake.

Kasoro zipo. Hakuna kiti, na sisi wenye magoti mabovu tunasimama. Jioni foleni inafika barabarani maana yuko peke yake na hataki kuharakisha mtu. Bei si ya chini kabisa mjini. Niliporudi baadaye, vidonge 30 nililipa shilingi 21,000, na ukilipa kwa simu makato ni yako.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili ni baada ya saa nane mchana. Ukienda beba boksi la zamani hata kama ni tupu, na karatasi ya daktari uiweke ndani ya mfuko wa plastiki.