Dawa ya kuua mwani bwawani: nyota 4 kwa dawa, nyota 1 kwa karatasi yake ya usalama

Naanza na dawa maana haina maneno mengi. Ni ya maji, ya bluu, ukisoma viambato ni mrututu tu (chumvi ya shaba) ambao wameupa jina la kisasa. Kazi inafanya, ule utando wa kijani ulianza kugeuka kahawia siku ya tatu, hapo sina neno.

Ila karatasi yake ya usalama, ile ya kiwanda inayoeleza hatari za kemikali sehemu kwa sehemu, jamani! Mi nina samaki mle, kwa hiyo kabla sijamwaga kitu chochote naenda moja kwa moja sehemu ya 12, ndo panapoandikwa madhara kwa viumbe wa majini. Nafungua nakutana na namba ya panya. Panya! Kipimo cha panya kinakaa sehemu ya 11, samaki hana habari nacho. Namba ya samaki ipo moja, ila hawasemi samaki gani wala alikaa kwenye dawa saa ngapi, na namba hiyo, inaitwa LC50, bila saa ni kama bure, kawaida samaki anapimwa saa 96, ukiishia 24 wengi unawakuta bado wazima na dawa inaonekana ya upole kumbe wapi. Halafu kuna watu wanaichukulia hiyo LC50 kama kiwango salama, wakati ndo kiwango kinachoua nusu ya samaki waliopimwa! Dafnia, wale viroboto maji, wameandikiwa "hakuna data", na wale kwa shaba wanakufa haraka kuliko samaki wengi, sasa msomaji anadhani wamepima wakakuta hamna shida kumbe hawajapima.

Kilichonimaliza ni mstari wa chini yake: "inaoza kirahisi". Shaba ioze? Shaba ni elementi, ikitoka kwenye maji inaenda kukaa kwenye tope basi. Kile kipimo cha kuoza cha siku 28 ni cha kemikali za kaboni, metali haimo. Nahisi mtu alikopi karatasi ya sabuni akabadilisha jina juu.

Na cha ajabu chupa yenyewe ina ile alama ya mti mkavu na samaki aliyekufa, imeandikwa ni sumu kali sana kwa viumbe wa majini na madhara yake ni ya muda mrefu, ambayo ndo kweli, mrututu uko kundi la 1 la sumu kwa viumbe wa majini, yaani miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo inatosha kuua nusu ya waliopimwa. Sasa chupa na karatasi vimetoka kiwanda kimoja kweli?

Ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama chokaa yaliyoyeyuka humo, hawajautaja popote. Dozi ile ile, maji magumu samaki anapona, maji laini matamvua yanaharibika anakufa. Yangu nilipima yakawa ya katikati, nikaweka nusu dozi, tena theluthi ya bwawa tu, na bado asubuhi ya nne nawakuta wako juu wanapigapiga midomo, maana mwani uliokufa ulikuwa unaoza unamaliza oksijeni. Nikawasha pampu ya hewa, mpaka jioni wakatulia, hakufa hata mmoja.

Nilimwandikia muuzaji nikaomba karatasi iliyorekebishwa. Kanitumia ile ile, safari hii imepigwa muhuri.