Kisanduku cha mazoezi ya kurusha dadu: mkono kinaujenga, hesabu kinaipotosha

Kisanduku hiki ni mwisho wa meza ya krapsi (mchezo wa kasino wa kurusha dadu mbili) uliokatwa ukaletwa nyumbani: sakafu yenye kitambaa cha felti, ukuta wa nyuma wenye mpira wa piramidi ndogondogo, na kuta mbili fupi za pembeni. Kina upana wa sentimita 60 na kina cha 75, kinakunjika, na mtu mmoja anakibeba bila taabu. Ndani ya boksi kuna pia dadu mbili nyekundu, daftari la kurekodia na kijitabu cha maelekezo. Kazi yake ni kumpa mrushaji nafasi ya kurudia mrusho uleule mara mia kadhaa bila kusimama kwenye meza inayomla pesa.

Kwa kazi hiyo kinafaa, tena sana. Ubishi uko kwenye dai la kijitabu kwamba mtu anayepata matokeo mazuri kwenye kisanduku atayapata pia kasino. Dai hilo halisimami, na sababu ya kwanza iko chini ya felti.

Felti imelazwa juu ya sponji nene. Dadu ya kasino ina upande wa milimita 19, uzito wa karibu gramu 9 na kingo kali. Ikitua kwenye sponji inazama, inapoteza kasi, inafika ukutani ikiwa imeishiwa nguvu na kulala pale pale. Mrusho mbovu unaonekana mzuri. Meza za kasino hazifanani: nyingine zina tabaka laini, nyingine ni ngumu kiasi kwamba dadu inadunda kama imeangushwa kwenye ubao mtupu. Ukijifunza kwenye sponji, meza ngumu itakuaibisha ndani ya dakika chache. Dawa yake si ghali: bandua felti, ondoa sponji, weka plaiwudi ya milimita 18, juu yake mpira mwembamba wa milimita 3 hivi, kisha rudisha felti ukiivuta sawasawa na kuibana kwa pini za stepla upande wa chini. Usiitupe sponji. Kuwa na sakafu mbili, laini na ngumu, ni bora kuliko kuwa na moja, ila rekodi za maana zichukuliwe kwenye ile ngumu.

Wepesi wa kisanduku nao unadanganya. Kila dadu inapogonga ukuta, kisanduku kizima kinarudi nyuma kidogo na kumeza nguvu ambayo ingeirudisha dadu katikati ya meza. Kisukume hadi kiguse ukuta wa chumba, au weka tofali nyuma yake. Sehemu ya kutua iwe kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Kijitabu kinasema simama mita 1.2 kutoka ukuta wa nyuma. Hapo ni karibu mno. Kwenye meza ya futi 12, mrushaji aliyesimama jirani na mfanyakazi mwenye fimbo ya kurudishia dadu ana takriban mita 1.8 hadi ukutani, na aliye mwisho wa meza ana mita 3 au zaidi. Anza na 1.8. Ukizoea 1.2 mkono utajenga nguvu isiyotosha, na siku ya meza halisi utaongeza nguvu kwa bega, ambako ndiko mrusho unakoharibikia.

Piramidi za ukuta ni fupi na laini kuliko za kasino. Hili halina dawa nzuri, ila lieleweke: ule mpira umewekwa kasino makusudi kuvuruga dadu, na sheria inataka dadu zote mbili ziuguse. Ukiacha kuufikia mara kwa mara utaonywa, na meneja akitaka anaweza kukunyang'anya zamu. Kwa hiyo lengo ni kufika ukutani taratibu, dadu ikiwa tayari imetumia nguvu zake kwenye felti. Bandika tepu ya karatasi mistari miwili, mmoja sentimita 10 na mwingine 20 kutoka ukutani. Kati ya mistari hiyo ndipo dadu zitue. Ikigonga piramidi moja kwa moja kutoka hewani, mrusho huo umekwisha kazi hata kama namba iliyotoka imekufurahisha.

Dadu zinazokuja na kisanduku ndizo sehemu dhaifu kuliko zote. Pembe zake ni za mviringo, kwa hiyo zinabingirika pale ambapo dadu ya kingo kali ingeuma felti na kusimama. Nunua dadu za kiwango cha kasino: zinazopenya mwanga, za selulosi asetati, nukta zake zikiwa zimejazwa hadi kuwa sawa na uso. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu juu ya kioo uzitazame dhidi ya taa; mwanga ukipenya katikati, hazifai. Na nunua rangi mbili tofauti za aina moja. Muuzaji ameweka mbili nyekundu kwa sababu kasino ndivyo inavyofanya, lakini mtu anayejifunza anahitaji kujua ni dadu ipi iliyomkimbia, ya upande wa gumba au ya upande wa kidole cha pete. Kwa rangi moja hilo hujui kamwe.

Tuje kwenye mrusho wenyewe, ambapo kijitabu kimejitahidi. Kushika kunakoelekezwa ni kwa vidole vitatu mbele (cha shahada, cha kati, cha pete) na gumba nyuma, katikati ya mstari dadu zinapokutana. Kijitabu hakisemi vya kutosha kuhusu kina cha vidole. Ncha tu ndizo ziguse, kwenye nusu ya juu ya uso wa dadu, na kiganja kisiguse chochote. Zikaze kiasi cha kuziinua bila kuteleza, basi. Mkono uwe mkavu. Jasho kidogo tu linatosha kuchelewesha kidole kimoja. Inua dadu zikiwa sambamba na meza, bembeza mkono kutoka begani mbele na nyuma bila kukunja kifundo, na achia vidole vyote kwa wakati mmoja mkono ukiwa bado unapanda. Mzunguko wa kurudi nyuma utajitokeza wenyewe gumba linapoachia. Usiutafute kwa kukunjua kifundo. Mizunguko michache hewani inatosha. Ikizidi, dadu ikigusa felti inajirusha kando.

Makosa yanaonekana vizuri zaidi kwenye video ya mwendo wa polepole kuliko kwenye namba. Weka simu pembeni, usawa wa kilele cha mrusho. Ukiona mwanya kati ya dadu mbili kabla hazijafika kileleni, vidole vya pembeni vinabana ndani halafu vinafyatuka: legeza cha shahada na cha pete, acha cha kati na gumba vibebe uzito. Ukiona dadu moja imetangulia nyingine, kidole kimoja kimechelewa kuachia, na mara nyingi ni kile cha pete. Zikiwa pamoja hewani lakini zinatawanyika zikitua, moja imefika na pembe badala ya uso au ukingo, maana yake uliziinua zikiwa zimeinama. Rudi kwenye kuinua, si kwenye kurusha. Wengi hutumia wiki nzima kurekebisha bega kwa kosa lililotokea dadu zikiwa bado mezani.

Sasa daftari la kurekodia, ambalo linastahili lawama kubwa kuliko sponji. Lina safu moja tu ya maana: idadi ya mirusho kwa kila 7, yaani jumla ya dadu mbili ambayo kwa kawaida humaliza zamu ya mrushaji na kula madau. Kwa bahati tupu 7 hutoka mara 6 kati ya 36, yaani moja kwa kila mirusho 6, na daftari linakuhimiza kuipandisha hadi 6.5 au 7. Kipimo si kibaya, ila kinachelewa kutoa jibu. Dau la 6 au 8, yaani kwamba namba hiyo itatoka kabla ya 7, hulipa 7 kwa kila 6 na kasino inabaki na asilimia 1.52 ya dau kwa wastani. Kulifuta pengo hilo, ikiwa 6 na 8 zinatoka kama kawaida, unahitaji wastani wa 6.17 tu. Lakini ili kutofautisha 6.17 ya kweli na 6 ya bahati kwa uhakika wa wastani, unahitaji kurekodi mirusho 26,000 hivi. Hata 7 kamili, ambayo ni mafanikio makubwa mno, inadai kama 1,000. Daftari lina nafasi ya mirusho 300.

Mfano unaotajwa sana ni dau la mwaka 2004 alilohusika nalo Stanford Wong, mwandishi wa vitabu vya kamari, la kutoa 7 chini ya 80 katika mirusho 500. Zilitoka 74, na wastani wa bahati ni 83.3. Upande wa warushaji ulishinda dau, lakini mtu anayerusha ovyo kabisa naye angeweza kupata 74 au pungufu takriban mara moja katika kila majaribio saba. Na Patricia DeMauro, aliyerusha mara 154 katika zamu moja kwenye kasino ya Borgata, Atlantic City, Marekani, mwaka 2009, alikuwa mgeni wa mchezo, si mwanafunzi wa kisanduku. Ushahidi kwamba mtu anaweza kuishinda kasino kwa mkono bado ni mwembamba, na muuzaji wa kisanduku hana uliozidi huo.

Kipimo kinachofaa kuanzia ni mhimili, yaani mstari wa kulia hadi kushoto ambao dadu inauzungukia. Panga dadu kwa jozi: 2-2, 3-3, 4-4 na 5-5 zikizunguka mbele, juu, nyuma na chini, huku 1 na 6 zikiwa pembeni kulia na kushoto. Kila dadu ikizunguka kama gurudumu bila kupinduka kando, 1 na 6 haziwezi kuja juu. Kwa hiyo kusoma ni rahisi: 1 au 6 ikionekana juu, dadu hiyo imetoka kwenye mhimili, na rangi inakuambia ni ipi. Kwa bahati tupu dadu zote mbili huonekana kubaki kwenye mhimili mara 16 kati ya 36, yaani asilimia 44.4. Katika mirusho 500 hiyo ni 222. Ukipata 230 hujapata kitu. Ukipita 245 na ukarudia tena kesho yake kwenye sakafu ngumu, mkono umeanza kusema.

Hapo kuna mtego ambao kijitabu kimeupita kimya. Kinapendekeza mpangilio huohuo wa jozi kwa ajili ya kuikwepa 7. Hesabu uone: kila dadu ikibaki kwenye mhimili, ina nyuso nne, kwa hiyo matokeo ni 16. Kati ya hayo, 2 na 5, 5 na 2, 3 na 4, 4 na 3 yote ni 7. Ni nne kati ya 16, asilimia 25, mbaya kuliko asilimia 16.7 ya mtu asiyejua lolote! Mpangilio wa jozi unalinda pale tu dadu zinapozunguka sawasawa. Dadu moja ikiizidi nyingine kwa nusu mzunguko, 7 imeingia. Mrushaji aliyefaulu kushika mhimili lakini hajashika mzunguko anajichimbia kaburi.

Mpangilio wa V ya 3 una busara zaidi. Weka 3 mbili juu, nukta zake zikichora V, dadu moja ikiwa na 1 na 6 pembeni, nyingine 2 na 5 pembeni. Mbele yako kuwe na 6 na 2. Matokeo 16 ya mhimili hapo yana 7 mbili tu, asilimia 12.5, na 6 pamoja na 8 zinatoka mara sita, asilimia 37.5 dhidi ya 27.8 ya kawaida. Tumia jozi kupima, V kwa kuweka dau. Kupanga kwenyewe kuishe ndani ya sekunde tatu au nne. Wafanyakazi wa meza hawana subira, na wachezaji wenzako hawana kabisa.

Safu za daftari zichore upya mwenyewe: rangi iliyotoka mhimili, mahali ilipotua (ndani ya tepu au nje), kisha namba. Usifute mrusho uliogonga ukuta wa pembeni kwa kisingizio kwamba haukuhesabika, kasino itauhesabu. Mirusho 60 hadi 80 kwa kikao inatosha, baada ya hapo vidole vinachoka na unarekodi uchovu.

Kuhusu ubora wa utengenezaji, bawaba ni imara na felti haitoki nyuzi. Mpira wa ukuta umegandishwa kwa gundi hafifu na kona ya juu hubanduka mapema. Kona iliyobanduka inameza dadu kama mto. Ubandue mpira wote, kwaruza ubao kwa msasa, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke hadi isishike kidole, kisha bana kwa saa kadhaa kabla ya kurusha tena.