Nimemaliza kozi ya sauti ya "can", "could" na "be able to", maoni yangu haya hapa

Nimeimaliza jana usiku, masomo yote 12, mengine nimeyarudia mara tatu nne, kwa hiyo naandika kichwa bado kina moto. Ni kozi ya kusikiliza kwenye simu, mwalimu ni mmoja mwanzo mwisho, kila somo linaenda kama dakika 15 hivi, afu kuna karatasi ya mazoezi ya kujaza. Yote inahusu kitu kimoja tu, namna ya kusema unaweza, uliweza, utaweza, hukuweza kwenye Kiingereza cha kila siku. Najua kuna mtu atasema jamani, masomo 12 kwa ajili ya neno "can" peke yake? Hata mi niliwaza hivyo hivyo, maana sisi tuna -weza na inatubeba popote, niliweza, nitaweza, ningeweza, sijaweza, kuweza, unabadilisha huku mbele tu na maneno yanaendelea. Kumbe wenzetu pale wana neno lina mapengo kila kona na ukidumbukia hata hujui kama umedumbukia.

Naipa nyota nne kwa tano. Hiyo moja niliyoikata nitaisema chini.

Kwanza nieleze kilichonipeleka huko. Nilikuwa kwenye intavyu ya kazi kwa simu, nikaulizwa nitaje tatizo nililowahi kulitatua, nikajibu kwa kujiamini kabisa, "The system was down and I could fix it." Kichwani mwangu hapo nimesema mfumo ulilala na nikaweza kuurekebisha, hadithi imeisha. Yule mama akakaa kimya kidogo afu akauliza kwa upole, "And did you fix it?" Nikababaika, si nimeshamwambia niliweza? Nikarudia sentensi ile ile tena kwa sauti ya juu zaidi, naye akasema okei, tukahamia swali lingine. Kazi sikupata, na sisemi ni kwa sababu ya hiyo sentensi, ila ile kimya yake ilinikaa rohoni wiki nzima.

Sasa somo la tano ndo lilinipa jibu, na kwangu mimi hilo somo peke yake linatosha kuichukua kozi nzima. Iko hivi, "could" ya wakati uliopita ni ya uwezo uliokuwa nao kwa kipindi, uwezo wa jumla, mfano "When I was six I could climb any tree", yani miaka ile nilikuwa napanda mti wowote. Lakini ukitaka kusema siku fulani, mara moja ile, ulijaribu na ukafanikiwa, hapo "could" haifai, unahamia kwenye "I was able to fix it" au "I managed to fix it", au unasema tu "I fixed it" na mambo yanaisha. Ukisema "I could fix it" mtu anasikia uwezo ulikuwepo, au hata anasikia kama unajitolea kumrekebishia kitu sasa hivi, ila hasikii kwamba kazi ilifanyika. Kwa hiyo yule mama hakuwa na shida ya kusikia wala nini, alikuwa anasubiri mwisho wa hadithi ambao mi sikuwahi kumpa! Kiswahili "niliweza" inabeba yote mawili, uwezo na matokeo, ndo maana tunaponzeka.

Na mwalimu hakuishia hapo, akatenganisha "was able to" na "managed to", akasema hiyo ya pili ina jasho ndani yake. Ukisema "I managed to open the door" msikilizaji anajua funguo ilikwama, ulisukuma kwa bega, ulikaribia kukata tamaa. Nilipenda sana alivyotoa sentensi kama kumi mfululizo akataka useme ipi ina jasho na ipi haina, hiyo ni namna ya kufundisha ambayo inakaa.

Afu likaja la kushangaza, kwenye kukanusha hiyo sheria yote inayeyuka. "I couldn't find my keys" ni tukio la asubuhi moja na ni sahihi kabisa, hakuna anayekuuliza kitu. Na vitenzi vya milango ya fahamu navyo viko huru, "I could hear someone crying", "I could smell smoke", ni tukio moja lakini "could" inaingia bila shida. Haya mambo nimesoma Kiingereza miaka yote hiyo sikuwahi kuambiwa.

Somo la tatu ni la matamshi na hapo napo wamefanya kazi ya maana. Sisi tunatamka "can" kwa uzito wote, keni, kila herufi inapata haki yake, wakati mwenye lugha akiiweka katikati ya sentensi anaimeza mpaka inabaki kama "kn", "I kn drive", nguvu yote inaenda kwenye "drive". Neno linalotamkwa kwa nguvu ni "can't". Sasa fikiria wewe unasema "I CAN come" kwa uzito, yeye anasikia huji! Waingereza wengi wanasema "kaant" na hapo angalau irabu inakusaidia, ila Wamarekani wengi ile t ya mwisho hawaiachii, inakatikia kooni, kwa hiyo usiitafute t, sikiliza uzito. Kuna zoezi la sentensi 30, unasikiliza unaweka alama anaweza au hawezi. Mara ya kwanza nilipata 11, mara ya tatu 26. Na kuna kitu kidogo wamekumbusha, kwenye jibu fupi "Yes, I can" uzito unarudi wote, usimeze hapo.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni asili ya neno lenyewe. "Can" inatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, "cunnan", maana yake kujua. Nilisimamisha sauti nikatabasamu, kwa sababu si ndo sisi hadi leo tunasema anajua kuogelea, anajua kupika, tukimaanisha anaweza! Ila hapo hapo wangetuonya, maana wengi wetu tunatoa "I know to swim" na hiyo haipo, ni "I know how to swim" au "I can swim" basi. Na ile herufi L kwenye "could" eti haikuwa yake toka mwanzo, iliingizwa kwa kufuata "would" na "should", sasa ukiwa unasahau kuiandika jua haijawahi kuwa na kazi.

Mambo ya "will can" na "to can" yamepewa somo moja na yanatosha, "can" haina hali ya ku- ndo maana "be able to" inakuja kuziba, "I'll be able to", "I've never been able to", "I'd love to be able to". Ya "could have" nayo wameipitia haraka lakini vizuri, "I could have called you" ni ningeweza kukupigia ila sikupiga, na ukiambiwa wewe "you could have called" ujue hapo unalaumiwa.

Sasa hiyo nyota niliyokata. Kozi nzima inaongelea uwezo wa watu tu, vitu vimesahaulika, na kwetu sisi hapo ndo penye utajiri. Mlango haufunguki, mwandiko hausomeki, chai hainyweki, njia haipitiki, gari haiwaki. Tunasema hivi kutwa nzima, sasa kwa Kiingereza nasemaje? Nimehangaika mwenyewe mpaka nikagundua mlango haufunguki ni "the door won't open" na gari haiwaki ni "the car won't start", ile "won't" tuliyofundishwa ni ya wakati ujao inafanya kazi leo hii hii, wakati mwandiko hausomeki unaweza kusema "I can't read this handwriting" au "it's unreadable". Hili lilistahili somo zima jamani, badala yake masomo mawili, la tisa na la kumi, yameenda kwenye kuomba ruhusa kwa "can I" na "may I", kitu ambacho kila mtu anacho tayari.

Karatasi ya majibu ya somo la saba nayo inakera, nimejaza "managed to" sehemu ambayo inakubalika kabisa wakanipa kosa kwa sababu walitaka "was able to", wakati wao wenyewe masomo mawili nyuma walituambia zote zinaenda.

Kama ndo unaanza Kiingereza kabisa hii isubiri kwanza, mwalimu haongei lugha nyingine na anachukulia kwamba wakati uliopita unaujua. Ukishaianza, usisikilize huku unaosha vyombo, hasa somo la tatu, kaa chini uvae spika za masikioni, maana ile "kn" ya katikati ukipepesa jicho imeshapita.