Fender Deluxe Reverb ya "1963" iliyozaliwa 1965

Muuzaji aliniapia kwamba amplifaya hii ya gitaa la umeme ni ya 1963, ya kabla kampuni ya Fender haijauzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, na kwamba iliwahi kutumiwa na mpiga gitaa mmoja mkubwa ambaye jina lake alilitamka kwa kunong'ona. La mwaka si kweli. La mpiga gitaa nalo sikuliamini hata siku moja. Ila mashine yenyewe sijutii kuinunua.

Nianze na sauti. Ni wati 22, valvu mbili (taa za kioo za kukuza sauti) za aina ya 6V6 upande wa nguvu, spika moja ya inchi 12. Volyumu ikiwa chini ya 4, sauti ni safi na kila uzi unausikia peke yake. Ukifika 6 inaanza kukwaruza, na utamu wake uko hapo: ukizipapasa nyuzi inatulia, ukizichapa inanguruma. Besi ikizidi inalegea, kwa hiyo wapenzi wa mdundo mzito watafute nyingine. Riverbu, yaani mwangwi, ni ya springi. Ukiigonga amplifaya ikiwa imewashwa, utadhani radi imepiga chumbani. Tremolo, yaani ile ya kuifanya sauti ipande na kushuka, ina kasoro: inatikatika chini kwa chini, tik, tik, tik, hata kama hujagusa gitaa.

Sasa umri. Ndani ya kasha kuna karatasi iliyobandikwa, inayoonyesha kila valvu inakaa wapi. Kwenye karatasi hiyo Fender walikuwa wakigonga mhuri wa herufi mbili: ya kwanza mwaka, A ikiwa 1951, ya pili mwezi. Yangu inasomeka OE. Hesabu kwa vidole: O ni 1965, E ni Mei. CBS waliichukua Fender Januari 1965. Miezi minne imepita, bwana muuzaji!

Mhuri peke yake sikuuamini, maana karatasi huweza kubandikwa upya. Nikageukia namba za vipuri. Tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji, zinazofuata ni mwaka (mara nyingi tarakimu yake ya mwisho tu) na wiki. Spika ina 465-510: Oxford, wiki ya 10 ya 1965. Transfoma ya umeme ina 606-5-08: Schumacher, wiki ya 8, mwaka uleule. Potensiomita, vipuri vilivyo nyuma ya vitufe vya kuzungusha, nazo zinaanza na 137, yaani CTS, zote za mapema 1965. Vipuri hukaa stoo kabla ya kufungwa, kwa hiyo kipuri kizee hakithibitishi kitu. Kinachokubana ni kile kipya kuliko vyote, mradi hakijabadilishwa.

Na kimoja kilikuwa kimebadilishwa. Transfoma ya kutolea sauti inasema 606-9-21, wiki ya 21 ya 1969, na risasi ya kulehemu kwenye waya zake ni ya mkono mwingine kabisa, mabonge mabonge. Risasi ya kiwandani kwa Fender, Fullerton, California, ni nyembamba na inang'aa, na pembeni yake kuna kipande cha selotepu ya karatasi chenye jina la kwanza la aliyeunganisha waya, kwa kalamu, mwandiko wa kulala. Nilikitazama kipande hicho kwa tochi muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote humo.

Chini ya chesisi, yaani fremu ya chuma, mtu alichonga namba ndefu kwa ncha ya chuma. Miaka ile baadhi ya polisi wa Marekani waliwahimiza watu wachonge namba zao za utambulisho kwenye mali, ikiibwa ijulikane. Siiandiki hapa, huenda mwenyewe au wanawe wangali hai.

Wamiliki niliwafuata kwa kurudi nyuma. Muuzaji, baada ya kubanwa, alikiri kuwa aliinunua kanisani. Katibu wa kanisa alikumbuka mzee aliyeitoa, akampelekea ujumbe wangu, na baada ya wiki mbili mzee akanipigia mwenyewe. Aliinunua 1969 ikiwa bubu, transfoma imeungua, akaipeleka kwa fundi. Zile namba za transfoma ya kutolea sauti zikakaa sawasawa na maneno yake kabla sijamtajia. Namba iliyochongwa aliikuta. Hiyo miaka minne ya kwanza imebaki giza, na kwenye giza hilo ndimo muuzaji alimopachika msanii wake.

Tahadhari kwa anayetaka kuifungua ya kwake: kapasita za kuchujia umeme zinaweza kushika zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa plagi. Yangu ilikuja na waya wa pini mbili, na kapasita ndogo iliyounganisha njia ya umeme na chesisi. Ile ikipasuka ndani kwa ndani, chuma chote kinakuwa na umeme, na nyuzi za gitaa lako pia. Fundi wangu aliing'oa akafunga waya wa pini tatu. Wapenda "asili" watanuna. Wanune.

Kabla hatujakata simu, mzee aliuliza kama ile tremolo bado inatikatika. Sikumjibu. Niliiwasha, nikasogeza simu kwenye spika, nikamsikia upande wa pili akicheka.