Bunduki ya gundi iliyoniharibia bakuli langu la lesi

Hii imenikaa rohoni, acha niitoe.

Mimi gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa ndani ya bunduki ya umeme, siibandikii vitu, nachora nayo. Nalaza bakuli kifudifudi, nalivalisha karatasi ya kuokea, kisha nazungusha uzi wa gundi juu yake, unapishana na kushikana mpaka inakuwa lesi. Ikipoa nabandua karatasi, nabaki na bakuli la matundumatundu linalopitisha mwanga. Hakuna gundi nyingine inayonipa raha hiyo.

Juzijuzi nikanunua bunduki kubwa, ile ya vijiti vya milimita 11, imefungashwa pamoja na vijiti vyake. Siku ya kwanza tu, nimebakiza mizunguko miwili mitatu nifike ukingoni, kifyatuo kikagoma. Nikabana, kimya. Nikabana kwa mikono miwili, mara mdomo ukatema donge zima, pwaa, katikati ya lesi, likayeyusha nyuzi za chini yake. Kazi ya jioni nzima! Tone jingine likanipata kidole gumba, na gundi hii haipanguswi: inang'ang'ania ngozi huku inaendelea kuunguza. Nikakimbilia maji baridi.

Bunduki ilipopoa nikaichungulia kwa nyuma. Gundi imerudi kinyumenyume na kuganda kukizunguka kijiti. Nikavipima: milimita 7! Vyembamba mno, kwa hiyo gundi iliyoyeyuka inapenya pembeni na kurudi nyuma badala ya kusukumwa mbele.

Nikampelekea muuzaji. Hata kuiangalia hakuiangalia. "Gundi ni gundi, dada. Hiyo ni ya kubandikia vitu, si ya michezo ya watoto." Michezo ya watoto! Kidole bado kinawaka.

Msinunue.

Ila niseme haki. Nilitafuta vijiti vya 11, nikaiacha ipate moto, nikasukuma mabaki yakatokea mbele. Tangu hapo inatoa uzi laini, ulio sawa mwanzo mwisho, kuliko bunduki yangu ndogo ya zamani. Kwa hiyo bunduki haina kosa, kosa ni la aliyeifungasha. Lakini hapana, siwezi kumwambia mtu aende akampe pesa yule bwana.

Bakuli liko rafuni na donge lake. Spiriti hulegeza gundi ya moto ikiwa imeshika kioo. Hapa gundi imeungana na gundi. Nikivuta donge, na lesi inakuja.