Loya wa Jinja, Uganda, aliyetusaidia kumwandika mtoto wa kaka kwenye taito (hati ya ardhi), nampa nyota 4

Naandika hii kwa ajili ya familia zenye ardhi ya pamoja, hasa kama mmoja wenu ameshafariki. Sisi tuko watatu, kaka wawili na mimi, mzee alituachia ploti Bugembe na taito ikaandikwa majina yetu wote. Kaka mkubwa akafariki. Ana binti mmoja, mtu mzima sasa, na tulikubaliana toka matanga kwamba sehemu ya baba yake ni yake, hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa namna ya kuiweka kwenye karatasi.

Mtu mmoja wa kuuza ploti alituambia tuandike tu makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), inatosha. Mwingine akamwambia binti aende kotini akaombe kusimamia mirathi ya baba yake, na alishaanza kukusanya pesa maskini. Mimi naishi Malaba, nikapanda teksi mpaka Jinja tukaenda wote kwa huyu loya, jina la ofisi siliweki hapa.

Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kutaja pesa, ni sachi ya taito, yaani kuangalia kumbukumbu zake kwenye ofisi ya ardhi (ada ya sachi ni shilingi 10,000). Halafu akaweka karatasi mezani, akachukua penseli akapiga mstari chini ya majina yetu matatu, akauliza, "Mnaona kitu gani kando ya majina?" Hatukuona kitu. Akasema ndiyo hivyo, hakuna sehemu iliyoandikwa, hakuna nusu wala theluthi, kwa hiyo sheria inawahesabu nyinyi ni wamiliki kwa umoja, na mmoja akifa sehemu yake inahamia kwa waliobaki hai, haiendi kwa mtoto wake. Binti alinyamaza kabisa. Alikuwa ameshika cheti cha kifo cha baba yake amekikunja kunja mpaka kimekuwa kidogo kama tiketi. Yaani angeenda kotini angepoteza pesa na muda, maana kwenye mirathi hiyo ploti haimo, na kama mimi na kaka tungekuwa watu wabaya angebaki hivi hivi.

Njia aliyotupa ni hii. Kwanza cheti cha kifo kipelekwe ofisi ya ardhi, taito ibaki na sisi wawili, halafu sisi wawili tufanye transfa kama zawadi, iandikwe watu watatu na kila mtu theluthi yake kando ya jina. Hapo hata mmoja wetu akifa sehemu yake inaenda kwa warithi wake. Hatukukata ploti maana ni ndogo na ina vyumba sita vya kupangisha, kukata kungehitaji mpimaji, mawe mapya ya mipaka na ramani mpya, gharama juu ya gharama.

Zawadi nayo inalipiwa, msidanganyike. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani inatoka kwa mthamini wa serikali, sio nyinyi mnajitajia. Kwa kila milioni 10 ni 150,000. Inalipwa URA (mamlaka ya kodi) kwa TIN, yaani namba ya mlipa kodi, na binti hakuwa na TIN, hapo tukapoteza wiki nzima.

Kilichonigusa ni wifi yangu. Kaka na mkewe wanaishi pale pale kwenye ploti, kwa hiyo sheria inataka mke akubali kwa maandishi. Wifi hajasoma. Loya angeweza kumwekea wino aweke dole gumba wamalize, lakini alikaa naye akamsomea karatasi yote kwa Lusoga, akamuuliza maswali, na wifi aliposema kuna pahali hajaelewa akarudia. Mwanasheria wa kufanya hivyo kwa mama wa kijijini sijamuona mara nyingi.

Nyota moja nimekata kwa sababu karani wake alipoteza picha zetu za pasipoti tukapigwa upya, na kuna mwezi mzima simu hazikushikwa, mimi nasafiri toka Malaba naambiwa faili bado liko kwa mthamini. Pia "pesa ya usafiri" iliongezwa mara mbili bila risiti, nikalalamika, mara ya tatu wakanipa risiti. Yote pamoja ni miezi mitano.

Mkienda kwa loya yeyote kwa kazi kama hii bebeni taito yenyewe, cheti cha kifo cha NIRA (ofisi ya kuandikisha vizazi, vifo na vitambulisho), vitambulisho vya wote, TIN za wote na picha za kutosha, na mke au mume wa anayeishi pale aje siku ya kwanza, asiitwe mwishoni. Na mwambieni awaandikie bei yote kwenye karatasi kabla hamjalipa hata shilingi.